Nilimliza Mama Mdogo Mara Tatu kwa Ajili ya Kitambaa

Nimekosa. Nalisema mwanzoni ili usinihurumie kabla hujasikia yote. Hakuna aliyenidanganya wala kunilazimisha. Nilijua ninachofanya, na nilikifanya kwa bidii. Hilo ndilo linaloniuma.

Nina miaka ishirini na minne, naishi Kolwezi, mji wa migodi huku Kongo. Kazi ya sinema nilijifundisha mwenyewe kwenye simu, nikitazama filamu moja mara kumi kutafuta makosa: glasi imejaa, picha inayofuata iko nusu, saa ya ukutani imerudi nyuma. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma tena na tena.

Mwaka jana wakaja watu wa sinema kutoka Kinshasa kupiga filamu juu ya wachimbaji. Walichukua vijana wa hapa kwa siku nane: wa kubeba taa, wa kupika, wa kuzuia pikipiki zisipite. Mimi nilianza na kubeba maji. Siku ya tatu, mama mmoja wa kikosi chao akaangushwa na malaria. Kazi yake ilikuwa kuandika daftarini na kuhakikisha kwamba kilichoonekana kwenye picha ya kwanza kiko vilevile kwenye ya pili: nywele, jasho, kifungo. Wenyewe wanaita raccord. Muongozaji akauliza nani anaweza kushika daftari lake. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza.

Furaha niliyokuwa nayo! Muongozaji aliniambia nikifanya vizuri atanichukua Lubumbashi kwa filamu inayofuata.

Siku ya tano ilikuwa ya kilio. Katika hadithi yao kijana amefukiwa shimoni, jeneza limeletwa nyumbani, wanawake wanalia. Tulipanga kila kitu uani, kwenye nyumba moja ya Musonoi, karibu na mashimo yenyewe. Lakini wanawake walioletwa walikuwa wanachekeana. Nguo za marehemu zilizowekwa juu ya jeneza zilikuwa mpya, na mikunjo ya dukani. Muongozaji akasema hiki si kilio, ni harusi.

Hapo nikamkumbuka mama mdogo.

Ni mdogo wake mama yangu, ndiye aliyenilea. Mwanawe Kalenga alifukiwa shimoni upande wa Mutoshi miaka miwili kabla. Kilio chake kilishaondolewa: nguo nyeusi zilivuliwa, vitu vya marehemu vikagawiwa ndugu. Na kwetu, kilio kikishaondolewa hakirudishwi. Humlilii mtu tena kwa sauti, maana ni kama unaita mwingine amfuate.

Shati moja tu mama mdogo alilificha lisigawiwe. La bluu, mfuko umechanika. Nilijua liko wapi kwa sababu tulilala chumba kimoja.

Nilichukua pikipiki hadi nyumbani, nikamwambia aje aketi na wanawake wengine. Akauliza kama kuna kulia. Nikasema hapana, ni kuketi tu. Alicheka, akasema basi leo na yeye atakuwa staa, akaenda kuoga na kujipaka mafuta. Alipokuwa bafuni nikafungua sanduku lake, nikatoa shati, nikalitia kwenye mkoba wangu.

Ndiyo. Nililiiba.

Kwanza walimpiga picha njiani, akitembea na wenzake, kitambaa begani. Alikuwa anatabasamu mpaka muongozaji akamwomba asitabasamu. Kisha wakaingia uani, kamera ikiwa inarekodi tayari. Mimi ndiye niliyeomba iwe hivyo, asione kabla.

Akaona jeneza. Akaona shati nililolitandaza juu yake.

Akajitupa chini mbele ya jeneza. Wale waliokuwa wanacheka wakaanza kulia naye, kilio cha kweli. Mama mdogo alilia kwa maneno, kama mama zetu wanavyolia.

"Kalenga, mi ndiye nilikuamusha ile asubui. Ulisema umechoka. Nikakuambia amuka, benzako bashaenda. Mi ndiye nilikuamusha."

Sikuwahi kusikia maneno hayo. Hata siku ya maziko hakuyasema.

Muongozaji hakujua Kiswahili chetu. Alinisogelea, akaniuliza kwa Kifaransa, polepole, mama yule anasema nini. Hakuwa mtu mbaya. Ningemwambia, angezima kamera. Nikajibu kwamba ni maneno ya kilio tu, kila mtu husema hivyo.

Picha ikaisha. Muongozaji alikuwa anafuta macho. Na mimi nilikuwa natazama daftari. Njiani kitambaa kilikuwa bega la kushoto. Uani kilikuwa la kulia.

Nikasema raccord imeharibika. Akaniuliza kama ni lazima kurudia. Nikasema lazima. Nilitaka aone kwamba hakuna kitu kinachonipita.

Nilikwenda mwenyewe kumpangia mama mdogo kitambaa. Akanitazama.

"Mutoto, ile shati uliitosha wapi?"

Badala ya kumwambia nilikolitoa, nikamwambia asigeuze kichwa, kitambaa kitahama.

Akalia tena. Hakuwa anaigiza, shati lilikuwa palepale mbele yake, na wanawake pande zote wanalia. Katikati ikapita pikipiki ikipiga honi. Tukarudia. Mara ya tatu alifungua mdomo, sauti haikutoka.

Jioni alichoniomba ni shati tu. Nikamjibu kwamba lazima libaki na mavazi mpaka siku ya mwisho, huenda likahitajika tena. Siku ya mwisho nikaambiwa masanduku ya mavazi yameondoka na lori asubuhi. Nilipiga simu, nikaandika. Wakasema watatafuta. Baadaye hawakupokea tena. Lubumbashi pia sikuitwa.

Wanawake wa kwaya yake ya kanisani wakaanza kusema kwamba amerudisha kilio cha mwanawe ili aonekane kwenye sinema. Alifunga mizigo aende kwa kaka yake Lubudi, kulima. Mlangoni akaniambia bila hasira:

"Mi nilimuzika mutoto yangu mara moya. We ulinizikisha yeye mara tatu."

Simu yangu hapokei.

Mwezi uliopita filamu ikatoka, rafiki akanitumia kipande. Kilio kimo. Walitumia picha ile ya kwanza! Kitambaa kiko bega la kulia, wazi kabisa. Nimewaonyesha watu wengi, nimewauliza wameona kasoro gani. Hakuna aliyeona. Wote wanalia tu.

Wewe unayetafuta mlango wa kuingilia sinema, hata kwa siku nane, hata kwa kubeba maji, nisikilize. Watakaokuja hawatajua lugha ya mama zako, wewe utaijua. Ukiulizwa mtu anasema nini, sema anachosema, hata picha ikiharibika, hata ukirudishwa nyumbani siku hiyohiyo. Mimi nilirudi nyumbani na daftari lisilo na kosa hata moja, na hakukuwa na mtu ndani.

Kile kipande bado ninacho. Nakisimamisha pale shati linapoonekana, na mfuko wake uliochanika. Halijabaki popote pengine. Nafikiri kwenda Lubudi nimwonyeshe mama mdogo, alione. Kila nikitaka kuondoka najiuliza kama hiyo haitakuwa mara ya nne.