Hilo Usilitafsiri

Watu wengi mjini walimjua kwa mikono tu. Alikuwa yule mwanamke wa kwenye kidirisha, pale chini pembeni mwa televisheni, anayeongea kwa lugha ya alama Bunge linapokuwa hewani. Sokoni alishazoea kusimamishwa: "Haa, si wewe yule wa mikono?" Jina likamganda. Hata bosi wake, mkuu wa kitengo cha wakalimani, alimwita Mikono.

Lugha yenyewe aliikuta nyumbani. Dada yake mkubwa alizaliwa kiziwi, na Mikono alikuwa mkalimani wake tangu meno ya utoto hayajamng'oka: dukani, shuleni, kwa majirani waliokuja kuongea na mama. Chuo kilikuja baadaye kumpa cheti cha kitu alichokuwa nacho tayari.

Dada aliolewa na fundi seremala, kiziwi kama yeye, mrefu, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi saa zote na utani usioisha. Viziwi hupeana majina ya alama, na shemeji ndiye aliyempa Mikono lake: kidole cha shahada kikigusa shavu mara mbili, kwa ajili ya kishimo kinachotokea akicheka.

"Nafikiria kukubadilishia," alimwambia siku moja. "Tangu uingie Bungeni sijakiona hicho kishimo."

Ulikuwa utani, lakini ulimchoma. Kazi ile ilikuwa inamla. Alikaa kwenye kibanda kidogo nyuma ya ukumbi, taa kali usoni, sauti za wabunge zikimwingia sikioni, na mbele yake kioo kilichomwonyesha ukumbi mzima. Vyama viwili vilikuwa vimekaribiana mno kwa idadi. Chama tawala kilikuwa na wabunge wa kutosha kutimiza peke yake akidi, ile idadi inayotakiwa ili kura ipigwe, lakini kwa chupuchupu, ikiwa tu watu wake wangeingia wote. Kwa hiyo kila upande uliweza kukwamisha jambo lolote. Wapinzani wakitaka, walisusa na kutoka. Watawala wakitaka, walichelewa kuingia. Kisha kila upande ulisimama mbele ya kamera na kuulaumu mwingine.

Na mkalimani wa alama husema "mimi" na "sisi" kwa niaba ya anayeongea. Asubuhi mikono yake ilisema, "Sisi tuko tayari kufanya kazi, wao ndio wanaotuzuia." Mchana ikasema maneno yale yale kwa niaba ya wale wengine. Akirudi nyumbani vidole vilimuuma kama mtu aliyefua mablanketi.

Kulikuwa na muswada mmoja ambao hakuna mbunge aliyewahi kuupinga kwa mdomo wake. Ulitaka kila hospitali ya serikali na kila mahakama iwe na mkalimani wa lugha ya alama. Vyama vyote viwili viliuahidi kwenye kampeni. Uliingizwa kwenye ratiba, ukaondolewa, ukaingizwa tena, ukasukumwa mbele, mpaka viziwi wakaacha kuuliza. Mikono mwenyewe aliuona kama mambo mengine yote ya ukumbini: maneno ya kupita mikononi mwake.

Hayo yalibadilika mwaka ambao dada yake alishika mimba.

Uchungu ulianza mapema kuliko walivyotarajia. Shemeji akampakia kwenye gari la jirani, wakamkimbiza hospitali, na njiani akamtumia Mikono ujumbe. Simu ilikuwa imefungiwa kwenye droo nje ya kibanda, kama kanuni ilivyotaka. Kikao kilitakiwa kiishe adhuhuri. Lakini siku hiyo wabunge waligombania kitu gani kianze: hoja ya serikali ya barabara, au hoja ya upinzani ya kumng'oa waziri. Hawakujadili barabara wala waziri. Walibishana juu ya utangulizi, huyu akisimama kuomba mwongozo, yule akisimama kupinga mwongozo, mpaka jua likaanza kushuka. Mikono akatafsiri yote.

Alipofika wodini, mambo yalikuwa yamekwisha. Muuguzi alikuwa amemwandikia shemeji neno moja, "operesheni", na shemeji akaweka sahihi. Mtoto hakupona. Damu ilikuwa nyingi, na madaktari wakatoa kizazi ili kumwokoa mama. Huenda walifanya sawa, Mikono hakuwahi kubishana nao juu ya hilo. Kilichomuuma ni kwamba daktari alimsubiri yeye. Siku ya tatu, walipokutana wodini kwa mara ya kwanza, alisimama miguuni pa kitanda, akamtazama Mikono badala ya mgonjwa, akasema, "Mwambie dada yako kwamba hatazaa tena."

Mikono akamwambia. Dada alilainisha shuka kwa mikono yote miwili.

"Wauguzi walijua?" aliuliza hatimaye.

"Ndiyo."

"Na yule anayefagia?"

Mikono akaitikia kwa kichwa.

"Wodi nzima walijua tumbo langu lina nini, isipokuwa mimi." Kisha akauliza, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi: "Siku ile ulikuwa unatafsiri nini?"

"Ugomvi. Nani aanze."

Baada ya pale Mikono aliufuatilia muswada ule kama mtu anayemfuatilia mgonjwa wake. Miezi ikapita, na hatimaye ukapangiwa siku ya kupigiwa kura. Dada na shemeji wakawaalika viziwi wenzao karakanani. Wakaondoa randa na misumeno kwenye meza ya kazi, wakaweka televisheni, wakakaa juu ya mbao.

Muswada haukufika hata kusomwa. Mpinzani mmoja alinyimwa nafasi ya kuuliza swali juu ya jambo jingine kabisa, na chama chake chote kikainuka. "Hatutakuwa muhuri wa serikali hii," kiongozi wao alisema, na mikono ya Mikono ikasema hivyo hivyo. Wakatoka. Spika akaamuru kengele ipigwe ili waliobaki nje waingie. Kamera ilimkazia Spika, lakini Mikono kupitia kioo aliona mlango. Alimwona kiranja wa chama tawala, yule anayewakusanya wabunge wake wakati wa kura, amesimama pale amekunja mikono kifuani. Nyuma yake, kwenye korido, wabunge wake walikuwa wamejaa tele, wengine na vikombe mkononi. Mmoja alitaka kuingia. Kiranja akamwekea mkono begani, akamnong'oneza, na mbunge yule akarudi nyuma. Kengele ikalia mpaka ikanyamaza.

"Akidi haikutimia," Spika alisema.

Kiranja yule yule akaja mbele ya vipaza sauti. "Wananchi wamejionea wenyewe. Wenzetu wamewasaliti viziwi wa nchi hii." Mikono alitafsiri, meno ameyauma.

Jioni alipoingia karakanani, walimpokea kwa mgongo. Kinyozi mmoja, kiziwi mwenye mikono ya haraka kuliko wote, ndiye aliyemgeukia.

"Wewe ndiye ulituambia wako tayari."

"Si mimi. Ni wao."

"Mimi wao sijawahi kuwasikia. Ninayemwona ni wewe. Kila mwaka wewe, 'tuko tayari, tuko tayari'. Basi sema leo, nani mwongo?"

Mikono aliwaeleza alichokiona mlangoni. Hakikuwa siri, hata waandishi wa habari walikiona kutoka juu, ila hakuna aliyekiandika. Mzee mmoja akapunga mkono wa kukata tamaa: wote ni wale wale, twendeni nyumbani.

"Hapana," shemeji alisema, akapiga meza ili mtetemo uwageuze wote. "Ukisema wote, hujamshika mtu. Ndicho wanachotaka. Mmoja alitoka. Mwingine aliwafungia watu wake nje. Hayo ni makosa mawili na kila moja lina mwenyewe. Mimi mlango ukipinda siwezi kumwambia mteja ni makosa ya mafundi wote."

Dada ndiye aliyekwenda kila wiki kwenye geti la Bunge mpaka wakakubaliwa kuonana na viranja wote wawili pamoja.

Dada, shemeji na kinyozi walikutana nao kwenye chumba cha kamati, wiki za mwisho kabla Bunge halijavunjwa kwa ajili ya uchaguzi. Mikono alipangiwa kutafsiri. Wale wawili waliingia pamoja wakicheka, wakiulizana habari za watoto wao waliokuwa shule moja. Yule wa chama tawala alikuwa mwanamume mnene, mchangamfu, wa kumpa mkono kila mtu. Yule wa upinzani alikuwa mama mwembamba aliyewahi kuwa wakili, sauti yake laini. Walipoketi, nyuso zikabadilika kama mtu amewasha taa.

"Sisi tulikuwa tayari," alianza yule mwanamume.

"Sisi ndio tuliouandika muswada huu," akasema yule mama.

Dada akanyoosha kidole kwa mwanamume. "Wewe una watu wa kutosha. Siku ile walikuwa koridoni. Kwa nini hawakuingia?" Kisha kwa mama. "Na wewe uliwatoa watu wako. Ulijua siku ile ni ya muswada wetu?"

Mikono alitamka maneno hayo kwa sauti yake. Yule mama alirekebisha miwani.

"Nilijua," alisema. "Lakini lilikuwa suala la msimamo wa chama."

"Msimamo!" kiranja mwenzake akaguna, akamgeukia kana kwamba wako peke yao. "Tungeupitisha, leo mngekuwa mnazunguka nao kwenye kampeni mkisema ni wenu."

"Na nyinyi je? Mliona heri ufe tulaumiwe sisi, kuliko upite tugawane sifa. Tusidanganyane humu."

"Siasa ndivyo zilivyo, dada yangu, kwani wewe ungefanyaje?" Akatupa jicho, akaona mikono ya Mikono inakwenda. "Aa-aa, mama. Hilo usilitafsiri."

Mikono ya Mikono ikasema: Aa-aa, mama. Hilo usilitafsiri.

Mabega ya shemeji yakaanza kutikisika kwa kicheko. Kinyozi alikuwa amesimama.

"Haya ni mazungumzo yetu ya ndani," yule mama alisema.

Haya ni mazungumzo yetu ya ndani, mikono ikasema.

"Mwambie aache!" mwanamume akamwambia mwenzake.

"Waheshimiwa," Mikono alisema, na huku akiyaweka maneno yake mwenyewe kwenye alama, "kila kinachosemwa mbele yao nawapa. Nikianza kuchagua, mimi si mkalimani tena."

Dada hakuwa amecheka. Aliwaeleza kuhusu wodi ile, polepole, na Mikono akayasema yale maneno kwa nafsi ya kwanza kama kazi inavyotaka: "Mimi nililala pale. Mimi sikuambiwa." Wale wawili walitazama meza. Walipoinuka waliahidi, wote wawili, kwamba kabla Bunge halijavunjwa muswada utapita. Walipeana mikono na kila mtu.

Baada ya siku chache bosi akamwita Mikono ofisini, akafunga mlango.

"Wamelalamika. Wote wawili, kwa pamoja." Alisugua paji la uso. "Mwaka mzima hawa watu hawajakubaliana hata juu ya kufungua madirisha. Hili ndilo la kwanza. Uondolewe hewani."

"Nilikosea nini?"

"Hukukosea. Ndiyo maana nashindwa hata kukuandikia onyo. Nakuhamishia kwenye matangazo ya usafi wa mazingira."

"Na muswada?"

Bosi akamfungulia mlango.

Muswada uliwekwa wa mwisho kwenye ratiba ya siku ya mwisho. Wapinzani walitumia asubuhi yote kupinga ratiba. Watawala walitumia mchana wote kuwajibu. Mikono alikuwa karakanani na wenzake, kwa mara ya kwanza akitazama kidirisha kile akiwa upande wa nje, na mkalimani mwenzake, kijana mpole, akihangaika kwenye nafasi yake: sisi tuko tayari, wao ndio. Bunge likavunjwa. Kwa kanuni, kila muswada ambao haujapita hufa na Bunge lililouzaa, na likija jipya unaanza upya kabisa. Kinyozi alizima televisheni, akaondoka bila kuaga.

Uchaguzi ulikuja na mabango yake. Muswada ukaahidiwa tena, pande zote mbili. Yule mama wakili alishindwa kwenye jimbo lake, na mwanamume mchangamfu akapewa uwaziri.

Mikono hakungoja kurudishwa hewani. Aliacha kazi. Chama cha viziwi kikawa kinamlipa kidogo kila alipokwenda wodini asubuhi, kutafsiri kwa yeyote aliyeletwa. Watu walimsifu sana. Alikuwa anatembea hospitali tatu kwa miguu na basi, anakula amesimama, na kila alipokuwa kwenye moja alijua kuna mtu kwenye nyingine anaandikiwa neno moja kwenye karatasi.

Dada alikuwa na siku yake ya kliniki. Mikono akamwambia atapanga ratiba waende pamoja.

"Hapana," dada alisema. "Naenda peke yangu."

"Hawatakuelewa."

"Wasinielewe. Kila ukija nao wanashukuru, wanafunga faili, wanasema mambo yamekwenda. Wewe unawafunika."

"Basi nikuache uteseke?"

"Wewe si sheria," dada alisema, akirudia ile alama ya sheria kwa nguvu, ngumi ikipiga kiganja. "Ukiugua wewe, mimi nafanyaje? Nilidai sheria. Wamenipa mdogo wangu."

Akavaa viatu, akatoka. Mikono alibaki karakanani na shemeji, ambaye alikuwa anapiga randa mlango wa mtu. Mara mbili aliinuka amfuate, mara mbili shemeji akatikisa kichwa. Dada alirudi mchana, amekunja uso. Alikuwa amekaa kwenye benchi mpaka foleni ikaisha, daktari akamsemesha akiwa ameinamia kompyuta, kisha akampa dawa ambazo hakujua ni za nini. Alimgomea, akakataa kutoka chumbani, mpaka akaitwa msimamizi wa hospitali, na msimamizi naye akaenda kutafuta mtu wa kuandika.

"Sasa ni za nini?" Mikono aliuliza, akinyoosha mkono kuzipokea.

Dada alizirudisha kwenye mkoba. "Hilo watanijibu wao. Wameniambia nirudi kesho, watakuwa na jibu. Nitarudi kesho." Kisha akamuuliza mumewe kama kuna chakula kilichobaki.