Kichupa cha Mtaroni

Mwaka ule tulikula michembe. Mahindi yalikauka shamba lote la Kisesa, hata sisi wa mjini Mabatini tukawa tunachemsha viazi vikavu asubuhi na jioni mpaka taya zikachoka. Ndio mwaka mguu wangu ulipoharibika. Nilikuwa naparua sato magamba, akaniponyoka, mwiba wake ukaingia unyayoni. Kitu kidogo tu. Vidonge nikameza, sindano nikachomwa, kidonda kinazidi kula na kunuka. Nilichoka kubebwa kushuka mlima wetu wa mawe kwenda hospitali na kupandishwa tena. Mwisho daktari akasema vidudu vilivyomo ni sugu, dawa zote vimezizoea. Huenda wakakata chini ya goti. Hata kulia sikuwa na nguvu.

Mjukuu wangu anafanya kazi maabara ya hospitali hiyo hiyo. Nimemsomesha mimi, kwa kuuza dagaa, mimi ambaye darasa la tatu sikulimaliza. Jioni moja akaingia, akatoa kichupa mkobani.

"Shikamoo Bibi. Nimekuletea dawa."

"Marahaba. Imetoka wapi?"

"Mtaroni hapo chini. Tumechuja maji machafu."

Miaka yote nawacharaza watoto wasichezee mtaro ule! Nikamwambia, "Rudisha ulikoitoa. Mguu ni wangu."

Akacheka. "Mke mwenzangu, sikiliza kwanza." Ndivyo tunavyotaniana, maana marehemu babu yake ni mume wetu sote. "Humu mna virusi vinavyoua bakteria, kama sangara alivyowamaliza wale samaki wadogo, furu, ziwani. Penye uchafu bakteria ni wengi, na vinavyowala viko hapo hapo."

"Sangara akimaliza furu, si atanigeukia mimi?"

"Hivi vinakula hao tu. Wakiisha, navyo vinakwisha. Nimevijaribu kwenye usaha wako, bakteria wakafa wote."

Nikaelewa. Furu nimewauza mimi, na kuisha kwao nimekuona. Nikaanza kufungua bandeji mwenyewe. Harufu ikajaa chumbani, naye hakuziba pua. Ila mlango alikuwa ameukomea.

"Bosi wako anajua?"

Akakitikisa kichupa.

"Mke mwenzangu, nimekuuliza."

"Haijaruhusiwa kwa watu, Bibi. Kibali kinachelewa, na mguu wako hausubiri."

"Wakijua?"

"Watanifukuza."

Nikautazama mguu, umevimba kama boga. Nikakitazama kitambulisho chake cha kazi kikining'inia shingoni, kile ambacho kila jirani nimeshamwonyesha mpaka wananikimbia. Nikafunga bandeji.

"Rudisha ulikoitoa. Mguu ni wangu."