Kiatu cha Mwakani

Dukani mjini Ilford, huku ughaibuni, tulikuwa wanne: mimi, binti yangu, mwanawe wa kike, na fundi wa viatu vya kutelezea barafuni. Fundi alinoa vyuma vya chini ya kiatu, akavikatia mfereji wa kina ili viume barafu, maana mtoto ni mwepesi. Akasema kiatu kibane, vidole viguse mbele. Mimi nikashika kikubwa. Kwetu mtoto hununuliwa kiatu cha mwakani.

"Bibi, kinacheza."

"Vaa soksi mbili, mama."

Binti yangu akalipa. Siku ya kuchagua timu ya mpira wa magongo wa barafuni, mjukuu wangu mguu ulimpindika ndani ya kiatu, akaanguka mara tatu, makocha wakamwacha nje ya timu. Ndani ya basi hakunilaumu. Nami sikulia, niliangalia nje dirishani tu. Kama alianguka mara mbili, mliokuwapo uwanjani siku ile nisahihisheni.