Imla ya Darasa la Sita

Enzi zetu pale Garsen mpira haukununuliwa. Ukitaka mpira wa kati, ule mchezo wa kulengana, ulikwenda kwa Mzee Abdi, duka la tatu katika mtaa wa Wasomali, ukasimama mlangoni mpaka akuone. Alikuwa fundi na muuza nguo, mtu mrefu mwenye ndevu za hina, na chini ya cherehani yake hapakukosekana vipande vya leso, vya shuka, vya suruali za watu wazima. Alivifunga vikawa donge, akalishona juu kwa uzi wa gunia, akakutupia. "Haya, nenda upige wenzako," alisema. Mpira ule ukikupata mgongoni, hukuhitaji refa akwambie umetoka.

Binti yake, Shukri, alikuwa rafiki yangu. Sisi ni Wapokomo. Mama yangu alilima mpunga na migomba ukingoni mwa mto. Kwetu Shukri alikula wali na kambare, akanyonya mifupa mpaka paka wetu akakata tamaa. Kwao mimi nilikula anjera, zile chapati laini zenye vitundu, zikimwagiwa chai ya maziwa ya ngamia hadi zikaloa. Mama yake, Bi Halima, hakupenda kuniona nikisitasita mlangoni. "Rehema, kaa chini," alikuwa akisema. "Unasimama kama mgeni kwa nini?" Na mama yangu naye alizoea kutulalamikia: "Nyinyi wawili mkiugua siku moja, sijui nitambeba yupi kwanza."

Mtaa wenyewe ulikuwa na harufu zake. Ulianza na tende na buni, ukaja ubani, halafu mwisho kabisa ngozi za Bi Dahabo zilizoanikwa juani, hapo kila mtu alipita mbio ameziba pua. Wamama wa Kiorma walileta maziwa asubuhi kwenye vibuyu. Sisi tulikwenda shule peku, kitabu kwapani, kiazi mfukoni.

Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa Mwalimu Jillo, na Mwalimu Jillo alikuwa na ugonjwa wa imla. Vijana wa leo neno hilo hawalijui, maana simu zao zinawaandikia hata wasichokusudia. Kila Ijumaa alisimama mbele, mikono nyuma, akasoma maneno nasi tukaandika: mara ya kwanza polepole, mara ya pili pamoja na mikato na nukta, mara ya tatu ya kusahihisha. Akamaliza kwa kalamu nyekundu, alama chini, na sahihi yenye herufi J iliyokuwa na mkia mrefu kama wa kima. Kosa moja uliliandika mara kumi. Ubaya wangu mimi ulikuwa R na L. Mpaka leo nikiharakisha huwa nazichanganya.

Kisha ikaja ile Jumatatu.

Mjini ilikuwapo kamati ya watu wachache wenye sauti kubwa. Siwataji, wengi wameshazikwa. Walikuwa wameanza kusema kwamba watu wa mtaa ule ni wageni, kwamba viwanja wanavyokalia si vyao, warudi kwao. Kwao wapi? Bibi yake Shukri alizaliwa Garsen na akazikwa Garsen. Sisi watoto tulidhani ni maneno ya barazani tu. Lakini asubuhi ile, tukiwa njiani kwenda shule, tulikuta malori mawili mtaani na watu wakipandishwa na mabunda yao. Shukri alikuwa juu tayari, amevaa sare ya shule. Nilimwita. Akaniangalia. Mama yangu alitoka mbio na sufuria ya wali iliyofunikwa kwa leso, akampa Bi Halima, sufuria na leso vyote. Watu wengine walisimama tu wakatazama, na mimi nilikuwa mmoja wao. Misumari ikagongwa milangoni mwa maduka kabla malori hayajawashwa.

Kamati haikuishia hapo. Walikwenda shuleni wakachukua kitabu cha kuandikisha wanafunzi na kile cha matukio ya kila siku, ili pasibaki mahali palipoandikwa kwamba watoto wale walikuwa wa Garsen. Tuliwaona kupitia dirisha wakitoka navyo.

Mwalimu Jillo aliingia darasani. Uso wake ulikuwa mkavu. Madawati tisa yalikuwa matupu.

"Toeni daftari za imla," alisema.

Mtu mmoja akanong'ona kwamba leo si Ijumaa. Mwalimu aliweka mikono nyuma. Akaanza kusoma, wala hakuwa na karatasi mkononi:

"Katika mtaa wa maduka, Garsen, waliishi watu hawa. Mzee Abdi, fundi na muuza nguo, na mkewe Bi Halima, na watoto wao watano, wote wazaliwa wa hapa. Nukta. Mzee Warsame, muuza sukari na majani ya chai, na watoto wake wanne. Nukta. Bi Dahabo, mjane, muuza ngozi, na mjukuu wake. Nukta."

Aliendelea hivyo, nyumba kwa nyumba, mpaka zikafika kumi na moja. Mwisho akasema: "Leo asubuhi wametolewa majumbani mwao wakapakiwa kwenye lori. Nukta. Hawakushtakiwa kwa kosa lolote. Nukta. Sisi majirani zao tumeona. Nukta." Neno "tumeona" alilirudia mara mbili. Baadaye akasahihisha madaftari yote kwa wino mwekundu, kama kawaida, akatwambia tuyapeleke nyumbani tukayatunze. Muhula haukuisha kabla hajahamishiwa mbali, Bangale.

Sisi tulikua. Tukaolewa, tukazaa, tukazika. Habari za Shukri nilizipata mara mojamoja kutoka Garissa. Mwaka jana akanipigia simu. Kulikuwa na kikao Hola cha kusikiliza madai ya viwanja, na watu wa mtaa ule walikuwa wameomba haki yao.

"Wanatuuliza karatasi, Rehema," alisema. "Karatasi ilibaki ndani ya duka. Baba yangu amekufa akisema Garsen, Garsen. Nitaonyesha nini mimi?"

Nilikumbuka ile Jumatatu. Kisha nikapiga ukelele ulioamsha wajukuu kwenye usingizi wa mchana. "Shukri! Imla!"

Kutafuta daftari la utotoni katika nchi ya Mto Tana si mchezo. Mafuriko yalikuwa yamebeba masanduku ya watu. Mchwa walikuwa wamekula sehemu yao. Mwenzetu mmoja alikiri kwamba baba yake alivutia tumbaku daftari zima. Langu nililikuta ndani ya sanduku la marehemu mama, chini ya leso zake. Hakutupa hata karatasi yangu moja, Mungu amrehemu. La pili lilikuwa kwa Salome, ambaye kurasa za nyuma alikuwa ameziandikia nyimbo za kwaya. La tatu lilipatikana Tarasaa kwa Hassan, Mworma, siku hizi tajiri wa ng'ombe. Pembe moja ya daftari hilo ililiwa na mbuzi. Matatu kati ya arobaini.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Mwenye kusikiliza alikuwa mwanamke kijana wa miwani. Bwana mmoja aliyekalia viwanja viwili vya mtaa ule alisimama akasema, "Mheshimiwa, madaftari haya yameandikwa juzi. Wamekaa pamoja wakatunga."

Mama wa miwani akayaweka madaftari matatu sambamba mezani. Akasoma kimya. Ghafla akatabasamu. "Wametunga pamoja? Mbona neno 'lori' limeandikwa kwa namna tatu? Nani ameandika 'rori'?"

"Ni mimi, mheshimiwa," nilisema. Ukumbi mzima ukacheka.

Ndipo Mwalimu Jillo akaitwa. Ndiyo, alikuwa hai, mzee wa fimbo sasa, kaletwa na mwanawe. Akaulizwa kama wino ule mwekundu ni wake.

"Ni wangu."

"Una hakika gani, mzee wangu, baada ya miaka yote hii?"

Akalisogeza daftari langu karibu na macho. "Huyu Rehema nilimpa saba. Nilimhurumia. Alistahili sita."

Kicheko kilipotulia hakurudi kukaa. Aliweka mikono nyuma, akaanza. "Katika mtaa wa maduka, Garsen, waliishi watu hawa..." Alisema yote, bila karatasi, na kila nukta mahali pake, huku mama wa miwani akimfuata kwa kidole kwenye daftari la Salome. Alipotaja Mzee Abdi, Shukri alishika mkono wangu akauminya mpaka mifupa ikalia. Alipofika "tumeona", sisi wanafunzi wake, watu wazima wenye mvi, tulikuwa tumesimama, na hakuna aliyetuamuru.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki chache. Nyumba zote kumi na moja zilitambuliwa, na viwanja vikarudi kwa wenyewe. Siku ile Garsen vilipigwa vigelegele vya Kipokomo, vya Kisomali na vya Kiorma, na nikisema havikutofautiana naomba mniamini. Mwalimu Jillo alibebwa kwenye kiti juu ya mabega ya watu, akifoka ashushwe.

Wajukuu zangu walipiga picha mia na zaidi za sherehe hiyo. Wiki ya pili simu ikaangukia mtoni wakati wa kuogelea, picha zote zikaenda na maji. Nikawaambia waniandikie basi yaliyotokea, hata ukurasa mmoja. Wakaniandikia mistari miwili isiyo na irabu. Mwalimu angewapa sifuri na bado ingekuwa ni kuwahurumia. Enzi zetu tulikuwa na vichache, lakini tulivishika.

Mzee Abdi hakuyaona haya, wala mama yangu. Hilo huwa linanichoma ninapopita mtaani asubuhi. Juzi nilipita, nikamkuta Shukri akifagia mbele ya mlango wake mpya, nami sikumsalimu mara moja, nilisimama nimtazame. Kijana wa bodaboda akaja akaegesha pikipiki palepale alipokwisha kufagia. Shukri akanyanyua fagio juu.

"We! Toa hiyo kitu yako hapo!" alifoka, na sauti yake ilifika mpaka mtoni. "Hapa ni kwangu!"