Jiwe Lililotolewa Ndui

Wifi yangu Hamama hana simile na jiwe lenye ndui. Ndui ndivyo tuviitavyo vile vishimo vinavyoitoboatoboa akiki, jiwe la kito cha pete, vingine vidogo kama tundu la sindano, vingine vinameza punje ya mtama. Mafundi wa mjini Sanaa wakipata jiwe la namna hiyo hulitupa. Hamama huletewa hayohayo mabovu kutoka machimbo ya hapa kwetu Anis, akayatia kwenye pipa lake, na yakitoka utaona haya kuyashika kwa mkono wenye unga.

Pipa lenyewe alilitengeneza kwa mikono yake, kaka yangu alipokwenda Saudia akasahau njia ya kurudi. Ni kipande cha bomba nene la maji kilichozibwa pande zote mbili, kinazungushwa na mota ya mashine ya kufulia iliyokufa, na mota inakula umeme wa jua kutoka darini. Jua likipanda tu, gwara gwara gwara, mpaka alasiri. Miaka kumi na moja nimeishi na kelele hiyo, na siku ya mawingu ndipo kichwa huniuma. Ndani mna mawe, maji na mchanga mkali wa kusagia. Kila Alhamisi tunafungua, tunaosha, na Hamama anapitisha ukucha juu ya kila jiwe. Ukucha ukikwama, jiwe linarudi kwenye mchanga mnene wiki nyingine. Ukiteleza, linakwenda kwenye mchanga laini, kisha kwenye unga wa kung'arishia. Wanawake wa kijiji walimcheka mwanzoni, eti Hamama anapika mawe. Leo haohao ndio wanaoleta akiki za pete za waume zao, na yeye huwaambia jambo moja tu: kwangu halitoki jiwe lenye ndui.

Basi akaja Muthana, jirani yetu wa mtaa wa juu. Shavu limejaa mirungi, jambia limekaa wima tumboni, maneno asali tupu.

"Salamu aleikum, mabinti wa watu wema!" Akafungua kitambaa, ndani mna akiki moja nyekundu kama ini. "Ya marehemu baba hii. Nataka kuivaa Idi. Zitoe ndui zote, dada Hamama, hata moja isibaki."

"Na pete yake ya fedha iko wapi?" nikamuuliza.

"Imekatika, Mama Ghamdan. Maswali yote hayo, unataka kuniposa?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikajifunika uso kwa mtandio.

Alhamisi ya kwanza Hamama akalipeleka lile jiwe dirishani penye mwanga, akalikodolea macho muda mrefu. "Wifi, hebu njoo. Ndui hizi zimejipanga."

"Zimejipangaje?"

"Hii, hii, na hii imepinda. Mistari miwili. Shika uone."

Nikapitisha kidole. Ni kweli, vilikuwepo vijishimo vimelika kwa uzee, vimejaa uchafu, vimefuatana. Mimi kusoma sijui. Hamama anajua kidogo, akaligeuza jiwe huku na huku, hakupata herufi hata moja ya kusomeka.

"Nimuulize mwenyewe kwanza," akasema.

"Umuulize nini? Ndui zikijipanga ndiyo uziulize zinakwenda wapi? Mwenyewe kasema hata moja isibaki. Au sema tu limekushinda."

Neno hilo lilimchoma, nami nilijua litamchoma, ndiyo maana nikalisema. Mchuzi wa uwatu ulikuwa unapoa na nilikuwa na njaa. Akalirudisha jiwe ndani ya pipa, akakaza kifuniko.

Wiki tatu lile jiwe lilisagwa. Lilipotoka kwenye unga wa mwisho lilikuwa laini, ukucha ulipita kama juu ya jicho la samaki. Muthana akalibusu, akatuachia kopo la asali, akashuka ngazi akiimba. Tukaila ile asali na mkate wa moto, tukamsifu.

Hazikupita siku kumi, akaja Lutfiya, dada yake Muthana, tumbo moja. Huyu aliachwa na mumewe, akarudi kwao, na riziki yake ni shamba la kahawa lililokatwa mlimani kama ngazi, matuta matano yenye kuta za mawe. Baba yao alimwandikia hati ya shamba hilo akiwa hai, akaipiga muhuri, maana aliwajua wanawe wa kiume. Lutfiya aliingia bila kubisha, macho yamevimba, akaketi sakafuni karibu na pipa. Nikamtilia kahawa ya maganda, hakuigusa.

"Muthana anasema hati yangu ni ya kughushi," akaanza. "Sheikh Hizam kapewa kuamua. Kasema iletwe pete ya baba, muhuri ulinganishwe na hati, yaishe. Mimi nikafurahi! Nimekua nikiiona ile pete ikichovywa kwenye wino, jina la baba limechongwa kinyume ili likigongwa lisomeke. Leo Muthana kaitoa mbele za watu. Jiwe ni lilelile, wallahi ni lilelile, nalijua kwa doa jeupe la pembeni. Lakini halina kitu! Akaniambia, 'Muhuri uko wapi, dada? Baba alikuwa na pete ya pambo tu.' Watu wakacheka." Akamshika Hamama mkono. "Dada, wewe unayajua mawe. Akiki inaweza kujifuta yenyewe?"

Lo! Hamama alikuwa na chujio la mchanga mkononi, likamponyoka, mchanga ukamwagika kwenye mkeka wote. Lutfiya akatutazama mmoja mmoja. Hakujua. Alikuja kwetu kuuliza tu, maskini, na jina la baba yake lilikuwa limeondoka na maji machafu tuliyoyamwaga nyuma ya nyumba.

"Nenda nyumbani," Hamama akamwambia kwa sauti isiyokuwa yake. "Kesho nitakuja kwa Sheikh."

Alipotoka nilimrukia. "Una wazimu? Utasimama mbele ya wanaume useme umefuta muhuri wa marehemu? Nani atakuletea tena jiwe lake? Tutakula mchanga?"

"Nilikuwa na shaka, wifi. Ningemuuliza."

Angenitukana ningepata nafuu, mimi mtu wa kujibizana. Yeye akaanza kuzoa mchanga kwa viganja.

Kesho yake nilimfuata, nimejiapiza kutofungua mdomo. Sebule ya Sheikh Hizam ilijaa, wanaume wameegemea mito, Muthana katikati yao na pete kidoleni. Sisi tukasimama mlangoni, na Lutfiya kando yetu.

"Jiwe hilo lilikuwa na maandishi," Hamama akasema. "Niliyeyafuta ni mimi, kwa pipa langu. Aliyeniletea ni Muthana, akaniambia ndui hata moja isibaki."

Lutfiya akageuka kumtazama. Sitaki kuueleza uso ule.

Muthana akacheka. "Mama huyu anapika mawe, Sheikh, moshi umempanda kichwani."

Sheikh hakucheka. "Ushahidi wa mwanamke mmoja hautoshi. Yupo mwingine aliyeyaona maandishi hayo?"

Hamama hakunigeukia, wala hakunitaja. Angeniacha nirudi nyumbani na heshima yangu. Nikasikia sauti inasema, "Nipo," na kumbe ni yangu.

"Niliyashika kwa kidole hiki," nikasema. "Mistari miwili. Yeye alitaka kuuliza. Mimi ndiye niliyemwambia ni ndui, nikamcheka, nikamharakisha."

Sheikh akaletewa Msahafu, akauweka mbele ya Muthana. "Apa kwamba pete ya baba yako haikuwa na muhuri." Muthana akanyoosha mkono, ukafika nusu ya njia. Shavu lake la mirungi likaacha kutafuna. Akaurudisha mkono mapajani, na kila mtu mle ndani aliona.

"Aliyeogopa kuapa ameshindwa," Sheikh akasema, na shamba likabaki kwa Lutfiya. Sheikh akamvua Muthana pete, akaamuru apewe dada yake. Nje, kwenye ngazi, nikadhani Lutfiya atatushukuru, au basi atatutemea mate, yote mawili nilikuwa tayari kuyapokea. Yeye aliketi, akafumba macho, akaanza kulipapasa jiwe kwa kidole gumba, taratibu, huku na huku, kama mtu anayetafuta mwiba. Akapapasa sana.

"Nilipokuwa mdogo nilikuwa nasinzia nikilishika," akasema. Kisha akafumbua macho, akaiweka pete kwenye kiganja cha Hamama. "Nirudishieni jina la baba."

Hamama akalitazama lile jiwe zuri lisilo na ndui hata moja, akaanza kulia. Na mimi, mwenye maneno kuliko kijiji kizima, nikanyoosha kidole kilekile, nikakipitisha juu ya jiwe; kikateleza.