Mafuta ya Kamyo Kwenye Nguo za Kwaya

Evariste aliendesha kamyo, lori la mizigo, kati ya Uvira na Bukavu mpaka vita vilipomtoa barabarani, na alipofika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, hakubaki na usukani wala gari, ila lile jina la Ingénieur, yaani mhandisi, alilojipa njiani. Kambi nzima ilimwita hivyo, kwa sababu aliyemwita vingine alipewa hotuba ndefu.

Mkewe Générose hakuwa na jina la kujipa. Yeye aliongoza chumba cha ushonaji cha akina mama, chenye cherehani nne za kiwandani zilizoletwa mwaka 2013 na wageni waliopiga picha nyingi kuliko nyuzi walizoacha. Mwalimu aliyekuja nazo alifundisha utunzaji: jioni usafishe vumbi la nyuzi kwa brashi, uchungulie mafuta, na sindano uibadilishe kabla haijavunjika. Générose alishika hayo kama sala, na mashine zake hazikuwahi kuugua.

Ndipo binti yao Raïssa, aliyeolewa mtaa wa Area 18 kule Lilongwe, akakaribia kujifungua. Mama hana budi kwenda. Lakini chumbani mlikuwa na kazi kubwa: nguo nyeupe za kwaya ya mchungaji Lévi kwa sikukuu ya mavuno.

"Papa Raïssa," Générose alimwambia mumewe akifunga mzigo, "Charlotte na benzake banajua kushona. We unichungie tu mashine. Kila mangaribi brosi, na mafuta meupe ya mashine kidogo, yasipite mustari ya karai."

"Mama Raïssa, mi nilitengeneza motere ya kamyo kwenye mulima, na mvua inanyesha. Unanifundisha brosi?"

Mama alipanda minibasi, na Ingénieur akashika madaraka. Siku ya kwanza aliwakusanya washonaji akawahutubia juu ya motere kwa ujumla. Brashi aliitazama akacheka. Mashine si mtoto, alisema, haisuguliwi meno kabla ya kulala. Inayotembea haiguswi, ikisimama ndipo mwanaume anaitwa. Jioni zikapita hivyo, yeye akifunga mlango kwa kufuli kubwa na kuita jambo hilo ulinzi.

Vumbi la nyuzi likajaa taratibu chini ya meno yanayovuta kitambaa. Mashine ya Charlotte ikaanza kuruka mishono, kisha kukata uzi.

"Ingénieur, iko inakata tena," Charlotte alilalamika.

"Ni uzi ya bei ya chini."

Charlotte akabadilisha uzi. Ikakata. Evariste akasema ni joto. Baadaye akasema ni mguu wa Charlotte, unakanyaga kama mtu anayeua mende. Ilipoanza kupiga kelele, na hapakuwa na mwingine wa kulaumu, alitangaza servisi kubwa.

Mafuta meupe yalikuwa yamekwisha. Yeye hakuona shida. Alikwenda mjini Dowa Boma akarudi juu ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, amekumbatia galoni la mafuta ya kamyo, mazito, ya rangi ya chai. Akalaza kichwa cha kila mashine na kumimina kwenye karai la chini, akaupita mstari wa mwisho bila hata kuusalimia.

"Kamyo ilikuwa inakunywa," alisema, "hii itashindwa?"

Kweli kelele zilinyamaza. Akina mama wakashona kwa haraka mpaka nguo zikaisha, na hakuna aliyekuwa na muda wa kuzikunjua.

Générose alirudi Jumapili ya mavuno asubuhi, akiwa na furaha ya mjukuu wa kike, akaingia kanisani moja kwa moja. Kwaya ikaingia kwa madaha. Kifuani pa kila mwimbaji, pale mshono ulipopita, matone ya rangi ya chai yalishuka hadi kiunoni. Générose alimtafuta mumewe kwa macho. Evariste alikuwa amepata ghafla kitu cha kusoma katika Biblia.

Mchungaji Lévi naye aliona. Akainua mikono.

"Bandugu, muone! Mafuta! Nani aliipaka? Hakuna mukono ya mutu!"

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mama mmoja alianguka.

Kesho yake mashine zote zilikataa kuzunguka. Akaitwa fundi Kalala kutoka mtaa wa Mchesi, Lilongwe. Alipofungua, vumbi na mafuta vilikuwa vimeshikana kama ugali uliolala. "Nani alifanya hii?" aliuliza. Washonaji walimtazama Ingénieur, na Ingénieur akatazama dirisha. Kalala alifanya kazi mpaka jua likatua, Evariste akimshikia taa na, kwa mara ya kwanza tangu afike Malawi, asiseme neno.

Usiku Générose hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Jumapili utasimama, utabaambia bantu ukweli."

Jumapili Evariste alisimama. "Bandugu, ile ni mafuta ya kamyo. Mi njo niliyatia, na brosi sikupiga."

"Amina!" mchungaji alidakia. "Muone unyenyekevu! Anakataa utukufu!" Akaanzisha wimbo haraka, na Evariste akaketi akiwa ameshindwa na makofi.

Tangu hapo, jioni, Ingénieur hupiga magoti na brashi, na kabla ya kugusa nguo ya mtu hujaribu mashine kwanza kwenye kipande cha kitambaa. Siku hizi anajiita Directeur wa Kinga, mkurugenzi mzima.

Kwaya ya pili nayo iliagiza nguo. Zikatoka nyeupe pee. Mkuu wao, mama Kabibi, alizigeuza mbele na nyuma, uso umemshuka.

"Générose, mbona zetu hazina kitu? Sisi tulikosa nini kwa Mungu?"

"Hamukukosa, dada," Générose alijibu, akikunja nguo. "Nyumbani nina mafuta ya kukaanga samaki. Mukuje na chupa."

Mama Kabibi alikuja na mbili.