Mkoba wa Marehemu Eafe

Eafe alikata roho akidai azikwe na mkoba wake, na bintiye Tidburg akauficha chini ya kitanda. Si kwamba alikuwa mwizi. Padri Ragnobert, aliyevuka bahari kutoka kwa Wafranki kuja kuwafundisha watu wa Kent namna ya kufa vizuri, alikuwa amepiga marufuku kuzika watu na vitu: maiti alale miguu mashariki, mikono mitupu, basi. Naye Tidburg, tusisingizie dini peke yake, aliutamani mkoba ule. Mdomo wa mkoba ulizungushiwa pete pana ya pembe ya ndovu, mnyama ambaye Kent nzima hakuna aliyemwona. Mchuuzi aliyeuleta aliapa ni jino la joka, na nani angembishia?

Juma halikuisha, kitanda cha mfumi, kile alichokuwa akifumia nguo marehemu, kikaanza vituko. Madonge ya udongo yanayovuta nyuzi chini yakawa yanagongana, ko, ko, na mlango umefungwa, upepo hakuna. Hivyo hivyo ndivyo Eafe alivyokuwa akiyagonga kwa goti kila alipomwona binti anazembea.

Tidburg akamwita padri. Padri akanyunyiza maji, akaomba kwa Kilatini, lugha ambayo marehemu hakuijua hata alipokuwa na masikio. Madonge yakaitikia: ko.

"Wafu hawana haja ya mkoba, binti yangu," padri alisema, macho mlangoni.

"Na askofu wenu mliyemzika na pete yake, Padri?"

"Askofu ni askofu."

"Na mama yangu ni mama yangu."

Jumapili, kijiji kizima kikiwa ibadani, Tidburg alikwenda makaburini na jembe, mkoba kiunoni. Akachimba usawa wa nyonga ya mama, pale mwanamke anapoutundika mkoba wake. Udongo ulikuwa laini kupita kiasi. Hakufika mbali, akakuta kipande cha mkate na kigutu cha mshumaa wa nta. Mishumaa ya nta kijijini alikuwa nayo mtu mmoja tu.

Kumbe hata kwa padri kulikuwa kunagongwa.

Akaushusha mkoba, akafukia, akarudi kuketi mbele ya nyuzi zake. Kimya. Hata jua lilipoinama, kimya. Hapo ndipo alipojua kwamba mama amekwenda kweli.

Akayasukuma madonge kwa goti, kidogo tu. Ko.

Hayakurudia.